Nguzo za Kavimvira

Bantu wa kambi ya Dzaleka, Malawi, wanasema mi ni mkali. Ni kweli, wala sioni haya. Ukiwa mpole kwenye foleni ya mahindi, unarudi nyumbani na mfuko mtupu. Lakini siku ile pale sokoni Mponela ukali wote uliniisha. Nilitua mzigo wangu wa mahindi, nikakaa chini mavumbini katikati ya wauza tumbaku. Léoncie, jirani yangu wa kambini, fundi cherehani mwenye asili ya Fizi, akadhani jua limenipiga. Akaanza kunipepea na kitenge chake, “Pole, Mama Gabriella, pole.” Nikamwambia aache kupepea, atazame mbele.

Mbele yetu kulikuwa na nyumba ya wageni iliyokuwa inamaliziwa, ukingoni mwa barabara kuu itokayo Lilongwe kwenda kaskazini. Mlangoni pake zilisimama nguzo mbili za simenti. Léoncie aliziona nguzo mbili, basi. Mi niliona mkono wa mdogo wangu Faustin, ambaye kwa miaka bantu wote walikuwa wananiambia nimlilie kama marehemu.

Sasa ngoja nieleze, maana Léoncie naye ilibidi nimweleze palepale, na alinikodolea macho kama nimerukwa na akili.

Baba yangu alikuwa fundi wa nguzo kule Kavimvira, mtaa wa Uvira. Wengine wanajenga kuta, wengine wanaezeka. Baba alikuwa anatengeneza nguzo za baraza, kwa wafanyabiashara na kwa makanisa. Hakufundishwa na mtu. Alipokuwa kijana, mapadri wazungu walianza kujenga kanisa, na vichwa vya nguzo vikaja na meli kutoka mbali, vimechongwa tayari. Vikashushwa na kulazwa uwanjani, na kwa kuwa simenti ilikwisha, vikakaa pale muda mrefu sana. Baba akawa anakwenda kila baada ya misa, anavipima kwa kamba, anavichora mchangani, mpaka akavijua kama uso wa mama yake. Akaanza kuvitengeneza mwenyewe kwa kalibu ya udongo, akauza, akasifiwa. Shida njo hii: wale wapakuzi walikuwa wamevilaza vichwa juu chini, na Baba hakujua.

Kichwa cha nguzo ya namna ile, kama hujawahi kukiona, fikiria mkeka unaokunjwa kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye nguzo za mapadri ile mikunjo miwili inaning’inia chini, kushoto na kulia, kama pembe za kondoo dume. Kwenye nguzo za Baba mikunjo inaangalia juu. Kanisa lilipokwisha kujengwa, Uvira nzima ikaona tofauti, na padri akamwita Baba akamweleza kwa upole kwamba hizo ni nguzo za Wagiriki, za tangu zamani kabla ya Yesu, na kwamba yeye amezipindua. Baba, ambaye ukali huu nimeurithi kwake, akajibu kwamba Wagiriki wafanye yao. Kavimvira mikunjo inaangalia juu. Matajiri wa mtaani wakampenda kwa jibu hilo, na kila aliyejenga baraza akataka nguzo ya Kavimvira.

Faustin njo alirithi kisu cha kuchongea kalibu. Mi nilikuwa mtoto wa kike; kazi yangu ilikuwa kuchekecha mchanga, kupaka kalibu mafuta ya mawese ili simenti isishikamane nayo, na mwisho kutia jicho. Katikati ya kila mkunjo kuna jicho. Baba alikuwa analitia kwa kizibo cha bia ya Primus: unakibonyeza kwenye simenti mbichi, kinaacha duara lenye meno madogo madogo. Nimebonyeza vizibo mpaka kidole gumba kikaota sugu. Hakuna fundi mwingine duniani anayepindua nguzo halafu akalitia jicho kwa kizibo cha bia. Nguzo zile za Mponela zilikuwa zimepinduliwa, na nilipopata nguvu ya kuinuka nikapanda kwenye ngazi ya mafundi bila kumwomba mtu ruhusa, nikagusa jicho kwa gumba langu. Meno yalikuwepo.

Vita vilipoingia Uvira, mwezi wa kumi wa mwaka tisini na sita, tulikimbia na majirani kuelekea kusini. Baba alikataa kuondoka. Alisema hawezi kuacha kalibu zake ziibiwe na wezi. Tulipofika njiani, Faustin akasimama, akasema hawezi kutembea huku mzee yuko nyuma peke yake. Mi nitangulie na mwanangu Gabriella, yeye atamleta. Nilimwambia afanye haraka. Akageuka akakimbia, na tangu hapo sikumwona yeye wala Baba. Nilivuka Tanzania, nikapita kambi hii na ile, nikafika Malawi wakati kwetu vita vya pili vinaanza. Kila lori lililoshusha bantu Dzaleka nilikwenda kulipokea. Niliuliza mpaka wakanichoka. Wamama wa kanisa wakaja na unga ili tuweke kilio cha wote wawili, nikawarudisha na unga wao. Wakasema moyo wangu umekauka. Haukukauka hata kidogo. Ulikuwa umejaa, na nilikataa kuumwaga kabla ya kujua.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua lolote. Alisema nguzo zimeletwa na fundi mkimbizi kutoka mjini, mtu mwembamba anayesema Kiswahili; jina hakulishika. Mkongo, Mburundi, kwake sote ni mamoja. Alichojua ni kwamba fundi huyo huyo alikuwa anamjengea mkubwa mmoja baraza Lilongwe, huko Nsungwi.

Mwembamba! Faustin alikuwa mwembamba mpaka Baba alikuwa anamtania kwamba upepo wa ziwa utambeba. Nikamkabidhi Léoncie mahindi yangu na kumwambia amwangalie Gabriella. Akaanza: tusubiri, tuombe ruhusa kambini, tumwombe mchungaji atusindikize, na je, kama ni mtu tu mwenye kazi inayofanana? Ananipenda yule mama, lakini anapenda pia kusubiri. Nilimwambia nimesubiri tangu Uvira, inatosha. Nikapanda matola, nyuma ya pikapu iliyojaa mifuko ya kabichi, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga.

Nsungwi sikupata taabu. Kijana wa kabaza, ile baiskeli ya abiria, aliposikia neno nguzo alicheka, akanibeba moja kwa moja. Mtaa mzima walikuwa wanaijua ile nyumba, na walikuwa wanaicheka. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu, mwalimu wa zamani aliyewahi kusoma Ulaya, mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi. Nilipotaja tu fundi, alidhani nimetumwa kumwombea msamaha, akanifokea kwa Kichewa, nami nikamfokea kwa Kichewa changu kibovu, mpaka mke wake akatuletea maji ya kunywa wote wawili.

Akanipeleka barazani. Nguzo nne, nzuri, nene kidogo katikati, na vichwa vyote vinaangalia juu. Nilitaka kuzikumbatia. Yeye alikuwa karibu kulia kwa sababu nyingine. Alisema alimwonyesha fundi picha, akamweleza, fundi akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, halafu akaenda kufanya ya kwake. Ndoto ya maisha yake ilikuwa baraza ya Kigiriki, na sasa wapita njia wanamcheka.

Akaleta kitabu chenyewe, kikubwa, chenye picha. Sijui kwa nini alinionyesha. Nadhani alikuwa hajapata mtu wa kumsikiliza. Aliniketisha na kunifunulia ukurasa kwa ukurasa, na mi, ambaye nilikuja na haraka, nikanasa. Kulikuwa na nguzo nene zisizo na pambo, zimesimama kama bantu wenye nguvu wasiopenda maneno. Hizo ni za Wadori, alisema. Kulikuwa na zile za mikunjo, zetu, za Waioni, waliokaa upande wa Efeso. Na kulikuwa na nyingine zimevikwa majani kichwani, za Korinto. Nikamuuliza, Efeso ile na Korinto ile za Paulo? Akasema ndizo. Nikashangaa. Nilikuwa nasikia nyaraka zile zikisomwa tangu utoto na sikuwahi kufikiria kwamba Wakorinto walikuwa na mafundi simenti, au mafundi mawe, wenye kugombana na wenye nyumba.

Akanionyesha na sanamu. Zile za kwanza zimesimama wima kabisa, mikono mbavuni, zinatabasamu bila sababu. Halafu baada ya muda fundi mmoja, hakuna anayejua ni nani, akaiegemeza sanamu yake mguu mmoja, nyonga ikashuka, bega likalegea, na jiwe likawa mtu. Nilimwambia hivyo njo wamama wanavyosimama Dzaleka wakisubiri zamu ya maji. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema Wagiriki waliitazama miili ya bantu wao, basi, hawakuwa na siri nyingine. Waroma wakawaiga. Wazungu wakawaiga Waroma. Leo ukienda kwenye benki, kwenye mahakama, kwenye makanisa ya dunia nzima, unakuta nguzo zile zile, kila mmoja amenakili kwa aliyenakili. Hata sanamu nyingi za shaba walizozitengeneza hazipo tena, ziliyeyushwa. Tunazijua kwa sababu mafundi wengine walizinakili kwa mawe kabla hazijapotea.

Hapo nikafunga kitabu. Alishtuka. Sikutaka kusikia habari za kitu kilichopotea kinachojulikana kwa mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu mzima mwenye nyama na mifupa. Nikamuuliza fundi anakaa wapi, akasema Mchesi, nyuma ya wauza mbao, na akanipa maneno ya kumpelekea: azigeuze nguzo zikae kama za kitabuni, la sivyo atamtafuta fundi mwingine.

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, wazi kabisa, kwamba Baba alikosea. Kwenye picha zote mikunjo inashuka. Niliona aibu kidogo, halafu nikaona hasira kwa sababu ya ile aibu. Nikamwambia mzee nitayafikisha maneno yake. Nilimshukuru mke wake, zikomo, zikomo, nikaondoka mbio.

Mchesi ni vichochoro na misumeno na redio. Nilifuata harufu ya mbao mbichi mpaka nikafika kwenye ua uliozungushiwa mabati. Ndani, chini ya magunia yaliyoloweshwa, vilikuwa vimepangwa vichwa vya nguzo, vipya, vinakauka polepole kama Baba alivyokuwa anapenda. Vyote vinaangalia juu. Pembeni kulikuwa na kopo la vizibo vya Carlsberg. Nikaita, “Faustin!” Nikaita tena, na sauti ilikuwa ya utotoni, ile ya kumwita aje kula.

Akatoka mwanamume mwembamba, anafuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa Faustin.

Nilichofanya baadaye sikukipanga. Nilimrukia kwa maneno. Nilimwita mwizi, nikamuuliza amempeleka wapi mwenye kazi hii, amemfanya nini, kwa ruhusa ya nani anatumia mkono wa ndugu yangu. Wauza mbao wakaja kuchungulia. Yule mtu hakujitetea. Alisubiri mpaka pumzi ikaniishia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, Kiswahili chake kina Kirundi ndani yake:

“We njo Sabine?”

Pale Dzaleka hakuna anayeniita Sabine. Mi ni Mama Gabriella tangu nifike, na hata majirani zangu wengi hawajui jina langu la nyumbani. Jina lile lilitoka Kavimvira, na njia ya kufika kwenye mdomo wa mtu huyu ilikuwa moja tu.

Akaniletea kigoda. Akajitaja: Nyandwi, kutoka Burundi, kijiji cha mashamba. Halafu akaniambia, bila kuzungusha, na hilo namshukuru, kwamba Faustin alifariki Karonga, masika ya mwaka juzi, kwa homa, na kwamba yeye mwenyewe njo alimshika mkono na yeye njo alimzika.

Sitaeleza sana. Nililia. Nalia hata sasa nikisimulia, na sitaki mtu aniambie nyamaza. Kitu kilichokuwa kimenishika wima tangu Uvira kilikatika, nikalala pale chini kwenye mchanga wa kazi, na mke wa Nyandwi, Godelive, akaja akakaa karibu yangu.

Nilipoweza kusikia, Nyandwi akanisimulia. Walikutana kwenye kambi Tanzania. Faustin alikuwa amerudi Kavimvira siku ile na kukuta mlango wazi, kalibu zimevunjwa, na Baba hayupo. Hakukuta damu, hakukuta mwili, wala jirani wa kumuuliza. Alimtafuta mpaka risasi zikamfukuza. Kambini akamfundisha Nyandwi kazi, wakawa wanatengeneza nguzo popote palipokuwa na mtu wa kujenga, wakiteremka kusini kidogo kidogo. Walikuwa wamesikia kwamba Wauvira wengi wako Dzaleka, na njo huko Faustin alikuwa anakuja homa ilipomkamata. Nyandwi mwenyewe kambini hawezi kukanyaga. Kuna bantu pale waliomfanya aikimbie nyumba yake. Alituma watu waulize Sabine wa Uvira. Waliuliza, na wakaambiwa hayupo.

Nikamuuliza swali lililokuwa linaniwasha tangu Nsungwi. Je, Faustin hakujua kwamba mikunjo imepinduka? Maana mwenye nyumba alimwonyesha Nyandwi picha, na fundi mwenye macho hawezi kukosa kuona.

“Alijua,” Nyandwi akasema. “Kuna mji Tanzania ambapo kuna nyumba ya zamani ya Wazungu, yenye nguzo. Alisimama mbele yake asubuhi nzima, halafu akacheka, akasema, kumbe mzee alitupotosha. Alikuwa anaweza kuzitengeneza sawa. Alinifundisha na mi kuzitengeneza sawa. Lakini hakuuza hata moja. Alisema, nikizigeuza, dada yangu atapita mbele ya kazi yangu asinione.”

Godelive alinishika bega. Sikulia tena; nilikuwa nimepita hapo. Nilikuwa nafikiria mtu mwenye njaa, mkimbizi, anayebembelezwa na wateja afanye kitu ambacho anakijua, na anakataa, kwa sababu labda siku moja dada yake atapita barabarani na mzigo kichwani.

“Na nilimwahidi,” Nyandwi akaendelea. “Aliponiachia vifaa, aliniambia niweke nguzo kando ya barabara kuu, zikiangalia juu, mpaka utakapokuja. Alisema utanijua kwa jicho, na mi nitakujua kwa hasira.”

Godelive akacheka hapo, machozi yakiwa machoni, na mi pia nikacheka, Mungu anisamehe.

Halafu Nyandwi akainamisha kichwa, akageuza kitambaa mikononi mwake, na nikaelewa kwamba kuna jambo linamtia haya. Akasema wateja wanamkimbia. Wanazicheka nguzo zake. Nyumba nyingi nzuri zinajengwa Lilongwe, na wenye nyumba wote wana picha zao, kama yule mzee wa Nsungwi. Amewakatalia wote. Godelive ana mimba, na nsima, ugali wa huku, wanayokula haishibishi.

“Sasa umefika, dada,” akasema. “Neno langu kwa Faustin nimelitimiza. Naomba uniachilie nizigeuze.”

Nilimtazama. Mburundi ambaye sikuwahi kumwona, ambaye hakuzaliwa nasi, alikuwa amebeba upumbavu wa Baba yangu kutoka Karonga mpaka hapa, akijua kwamba ni upumbavu, kwa sababu tu alimwahidi mtu aliyekuwa anakufa. Kama ningemkatalia ningekuwa mnyama. Lakini nikikubali, basi mkono wa Faustin unakufa mara ya pili, na safari hii ni mi ninayemzika. Godelive akatuletea chai, na hakuna aliyenisukuma.

“Geuza,” nikamwambia. “Mtengenezee yule mzee baraza yake kama ya kitabuni, tena nzuri. Umetimiza, na zaidi.”

Aliziba uso kwa kile kitambaa. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia jambo la pili: kwamba nitarudi baada ya kilio, na atanifundisha kushika kisu.

Dzaleka tuliweka kilio cha Faustin. Wamama wa kanisa wakaja tena na unga wao, na safari hii nikaupokea. Tuliimba nyimbo za Uvira, Léoncie akapika, bantu ambao hawakumjua Faustin wakamlilia kama ndugu yao, na mi nikaumwaga moyo wote. Mchungaji aliposimama kuomba, akaunganisha majina mawili, la Faustin na la Baba. Nikamkatiza katikati ya sala. Bantu waliguna. Nilimwambia aombe kwa ajili ya mmoja, huyo mwingine amwache. Akaomba kwa ajili ya mmoja.

Kisha nikawa naenda Mchesi. Nyandwi ni mwalimu mpole kuliko Baba, na mi ni mwanafunzi mgumu. Yule mzee wa Nsungwi alipata nguzo zake, mikunjo inashuka vizuri, jirani zake wakaacha kucheka, na wateja wakaanza kumfuata Nyandwi mpaka ua ukawa hautoshi. Vichwa vyangu vya kwanza vilikuwa vibaya, kimoja kilikuwa kimepinda kama mdomo wa mtu mwenye jino bovu. Nilivivunja na kuanza upya. Viwili vilipotoka safi, nilivipandisha matola mpaka Dzaleka na kuvisimamisha juu ya nguzo mlangoni mwa kanisa letu, lililo kando ya njia ambapo malori yanaingia na bantu wapya kutoka kaskazini. Kila anayeshushwa pale anaangalia kanisa kabla ya kuangalia kitu kingine.

Mikunjo yake inaangalia juu.

Mzee wa kanisa, Dieudonné, aliniita wiki iliyopita. Ni mtu mzuri, mwenye kupenda mambo yakae sawa. Alisema wageni walikuja kutoka mjini, wasomi, wakatazama nguzo, wakanong’onezana na kutabasamu. Amesikia pia kwamba Nyandwi, mwalimu wangu, siku hizi anazitengeneza kama inavyotakiwa, kama za Efeso na Korinto zenyewe, na kwamba mi najua jinsi ya kuzitengeneza hivyo. Basi kwa nini kanisa la Mungu likae na nguzo zenye makosa? Ni kazi ya asubuhi moja, alisema. Nizishushe, nizipindue, nizirudishe.

Nilimwambia ni kweli, zina makosa, na kwamba najua kuzirekebisha. Alifurahi, akadhani tumeelewana. Lori lilikuwa linaingia wakati huo, limejaa bantu na magodoro, nami nilikuwa nawatazama wazee wanavyoteremshwa, mmoja mmoja, wakishikwa mikono.

“Lakini sizigeuzi, mzee,” nikamwambia. “Baba bado hajapita hapa.”